Mtani Aliyekataa Jembe

Leo mnivumilie kidogo, wapendwa, maana nataka kusema habari za utani, na ninyi nawajua. Nikitaja kabila moja tu humu ndani patakuwa vicheko mpaka wakati wa sadaka. Kwa hiyo sitaji kabila la mtu.

Zamani za mkoloni, kwenye shamba moja la mkonge, palikuwa na kambi ya manamba, vibarua walioletwa kutoka majimbo ya mbali. Kambini hapo aliishi mama mmoja na mumewe na watoto wao wawili: msichana wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa na kigugumizi. Na katika shule yao ya udongo alisoma mvulana mmoja mkubwa, wa kabila lililokuwa watani wa kabila lao.

Utani mnaujua. Mtani atakutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa. Atakuvua kofia aende nayo. Lakini siku ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika. Yeye ndiye anayepiga jembe la kwanza kaburini, na ndiye anayewachekesha wafiwa mpaka wakubali kula. Kambini pale, wazee walikuwa hawaanzi kuchimba mpaka mtani aje.

Sasa yule mvulana alichukua nusu ya utani, ile nusu tamu. Kila mapumziko alinyoosha mkono: "Mtani wangu, lete muhogo!" Anaula wote. Akishiba, anaiga kigugumizi cha yule mdogo, na darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu naye anacheka. Ukiacha dada mtu, msichana mmoja tu hakucheka, yule aliyekaa naye dawati moja. Kabila lake lilikuwa halina utani na yeyote pale kambini. Huyo alikuwa akiwamegea muhogo wake, wanakula watatu chakula cha mmoja.

Mdogo mtu akaanza kukataa shule. Leo kichwa, kesho tumbo. Dada yake akaenda kwa mama.

"Mama, yule mkubwa anamwonea mdogo wangu."

"Si mtani wenu yule? Mtu hanuniwi kwa utani, mwanangu. Watatucheka."

"Utani si kupokezana, mama? Mbona zamu yetu haifiki?"

"Hebu niache nipike."

Mama mbaya huyu? Msinijibu kwanza.

Masika yale baba yao akashikwa na homa, siku ya tatu akafariki. Nyumba ya watani kambini ilikuwa moja tu, na wakubwa wake walikuwa wamepelekwa kukata mkonge shamba la mbali kwa wiki nzima. Amebaki yule mvulana na bibi yake asiyeona. Wazee wakasema haidhuru, mtani ni mtani hata akiwa mtoto; aje apige jembe moja tu, wao watamalizia. Dada akatumwa kumwita, akamkuta uvunguni mwa kitanda.

"Toka. Tumefiwa, unaitwa."

"Mimi mtoto. Waiteni wakubwa."

"Ulipokula muhogo wetu hukuwa mtoto."

"Naogopa maiti!"

"Na mimi naogopa," akasema yule binti. "Ni baba yangu."

Hakutoka. Binti akarudi peke yake, na jua lilikuwa limeshakuwa kali. Wanaume wameketi, majembe chini. Mama akauliza, "Mtani yuko wapi?"

"Amekataa."

"Amekataa? Mtani hakatai msiba! Mbona hukuniambia kuwa ni mtu wa namna hiyo?"

"Nilikuambia, mama."

Yule mama alilia upya, na safari hii hakuwa akimlilia mume.

Ndipo rafiki yao, yule wa dawati moja, akaenda akaokota jembe. Mzee mmoja akamzuia. "Binti, weka chini. Wewe si mtani wa watu hawa."

Akasema, "Basi nihesabuni mtani kuanzia leo. Matusi siyajui, lakini nitajifunza."

Lo! Wazee wakatazamana, wakajizuia, wakashindwa. Wakacheka. Na yule mdogo mwenye kigugumizi, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akacheka mpaka akaangukia mapajani kwa mama yake. Binti akapiga jembe la kwanza, wanaume wakachimba, baba akazikwa.

Baada ya matanga watoto wakarudi shule. Mapumziko yakafika, mkono ukanyooshwa kama kawaida: "Mtani wangu, lete!" Mdogo akasimama. Ilimchukua muda mrefu kuyatoa maneno, na safari hii darasa likangoja. Akasema, "Mtani wangu ni yule pale."

Sasa, wapendwa, nawaona. Kila mtu ameshajichagulia nafasi: mimi ndiye yule rafiki, mimi ndiye niliyeokota jembe. Acheni hizo! Wangapi kati yetu tumewahi kuokota jembe? Hata yule mvulana si sisi. Yule alikuwa mtoto, na aliogopa. Sisi ndio yule mwalimu aliyecheka. Sisi ndio yule mama, mwanamke mwema kabisa, anayempenda mwanawe, mwenye chungu jikoni na mambo mengi kichwani, aliyeambiwa na mtoto wake mwenyewe akajibu, "Niache nipike." Alihitaji msiba ili asikie. Sisi tunangoja nini?

Kuna mtoto nyumbani kwako anayeumwa tumbo kila Jumatatu, na Jumamosi ni mzima. Leo usimpe dawa. Keti naye, umuulize ni nani anayemwonea, kisha unyamaze mpaka amalize kusema, hata akichelewa.

Tusimame tuwaombee watoto hao. Tuombe kwa sauti ya chini, maana wengine wao wako humu humu, wamekaa karibu na wazazi wao.