Mzee Sengondo na Bunduki Iliyokohoa

Paukwa!

Pakawa!

Mko macho?

Tuko macho!

Masikio mnayo?

Mawili mawili!

Basi yategeni, nimpitishe mtu humo.

Hapo kale, kale ya watu wa kale, palikuwa na kijiji. Jina lake silisemi, maana lilihama na watu wake. Katika kijiji hicho aliishi mwindaji, Mzee Sengondo, na mkewe, Bi Kazija.

Jioni moja kamba za kitanda chao zililegea. Bi Kazija akashika upande huu, Mzee Sengondo akashika upande ule. Wakavuta.

"Vuta!"

"Navuta."

"Huvuti, mume wangu. Unaning'inia."

Wakacheka, wakafunga fundo, wakalala. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile. Asubuhi Bi Kazija aliamka na homa. Siku ya tatu wakamzika. Kamba za kitanda zilikuwa bado zimekaza.

Haya, msiinamishe vichwa. Hadithi hii ni ya kuwinda.

Mzee Sengondo alikuwa na bunduki. Ilikuwa gobori, ndefu kuliko yeye, ya kushindiliwa baruti kwa mdomo na kuwashwa kwa jiwe. Aliipenda. Aliipaka mafuta ya nyonyo kabla hajajipaka mwenyewe. Nayo ilikuwa na tabia yake. Bunduki nyingine ukizifyatua hulia mara moja. Hii ililia mara tatu. Kwanza jiwe: ta! Kisha inakohoa: kho, kho! Kisha inanyamaza, kama mzee anayetafuta neno. Kisha: PUUU! Ndiyo maana watu waliiita Kikohozi.

Kila mwaka, mvua zikikatika, Kikohozi ilikwenda kaskazini na wawindaji. Kaskazini ni wapi? Ni siku saba kwa miguu. Siku ya kwanza mashamba yanaisha. Siku ya pili njia inaisha. Siku ya tatu maji yanaisha. Unafukua mchanga wa mto mkavu kwa mikono, unangoja, unakunywa. Siku ya nne ni miiba. Ya tano ni miiba ile ile, ila sasa imekuzoea. Siku ya sita unamwona twiga, na yeye amekuona tangu jana. Siku ya saba nchi inafunguka. Pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, wamenona, shingo zinaning'inia. Nyati wamelala kama mawe meusi. Tembo wanapita, hawaulizi njia ni ya nani.

Huko Kikohozi ilikohoa miaka thelathini. Ta! Kho, kho! PUUU! Na nyama ikarudi, imekaushwa, imefungwa mizigo. Hiyo ndiyo waliyokula watu mpaka mtama mpya ukomae.

Na palikuwa na mwiko. Mume akienda kaskazini, mke hubaki nyumbani akimkalia moto. Asitoe moto nje ya nyumba, mnyama atawaka hasira. Asisuke nywele, njia za wawindaji zitasokotana. Asivuke kijito, risasi itavuka upande. Hivyo walisema wanaume. Na aliyejua kukalia moto kuliko wote, walisema, ni Bi Kazija. Ushahidi? Miaka thelathini mumewe hakurudi mikono mitupu. Kila bibi harusi wa mwindaji aliimbiwa wimbo huu. Mniitikie "kaa!"

Kaa kama Kazija!

Kaa!

Moto usitoke!

Kaa!

Nywele zisisukwe!

Kaa!

Mto usivukwe!

Kaa!

Vizuri. Mmeimba kuliko wao.

Basi, Bi Kazija alipokuwa ametimiza mwezi mmoja kaburini, mvua zikakatika. Lugendo, mkuu wa wawindaji, akaja kwa Mzee Sengondo. Akavua viatu mlangoni.

"Mzee, pole."

"Nimeshapoa."

"Tunakwenda kaskazini."

"Mwende salama."

"Wewe hutakwenda. Huna wa kukukalia moto."

"Najua."

"Lakini Kikohozi, mzee... Kikohozi inaweza kwenda."

"Kikohozi haina miguu, Lugendo. Miguu itakuwa ya nani?"

"Ya Mhina."

Mhina alikuwa mwindaji kijana, mwenye shabaha nzuri na maneno machache. Msimu uliopita alikuwa amemwoa Mwanamvua. Mhina akaja kuichukua bunduki. Mzee Sengondo akampakatisha kama anavyopakatishwa mtu mtoto mchanga.

"Baruti, kipimo kimoja cha pembe."

"Naam, babu."

"Risasi, moja."

"Naam."

"Mdeki, fimbo yake hii, shindilia mara saba."

"Naam."

"Jiwe, lifute umande."

"Naam."

Mzee Sengondo alikuwa na neno la tano. Alikiangalia kitanda, likampotea.

"Basi," akasema. "Nenda."

Wakaenda. Mashamba yakaisha, njia ikaisha, maji yakaisha. Siku ya saba Mhina akamwona nyati dume, mpweke, amesimama peke yake kwenye nyasi fupi. Akapiga goti. Akalenga. Akafyatua.

Ta! Kho, kho!

Kimya.

Mhina akadhani bunduki imegoma. Akaishusha aitazame.

PUUU!

Risasi ikazama ardhini. Nyati akaja: gudu, gudu, gudu! Wawindaji kumi wakapanda miti. Miti yenyewe ilikuwa migunga, miiba mitupu. Kupanda walipanda mara moja. Kushuka waliombana msaada. Lugendo alishuka wa mwisho, na shuka lake likabaki juu. Lakini Mhina hakuwahi mti. Nyati alimrusha mara moja tu, akamvunja paja, akaridhika, akaenda zake.

Wakamrudisha kwa machela. Siku saba zikawa kumi. Nyama: hakuna. Hata ya kuonja.

Walipofika, Mzee Sengondo alikwenda moja kwa moja alikolazwa Mhina.

"Ilikuwaje, mwanangu?"

"Babu, ilikohoa, ikanyamaza. Nikadhani imegoma, nikaishusha."

Mzee Sengondo akaketi chini. Neno la tano likamrudia lote, zima, kama lilivyokuwa: Ikikohoa usiishushe, hesabu tatu.

Huko nje Lugendo alikuwa ameshakusanya watu, mbele ya vichanja vya kukaushia nyama. Vichanja vilikuwa vitupu. Wake za wawindaji wakasimama mstari mmoja. Akawauliza mmoja mmoja.

"Ulitoa moto?" "Sikutoa." "Ulisuka?" "Sikusuka." "Ulivuka?" "Sikuvuka."

Akafika kwa Mwanamvua, mke wa Mhina.

"Ulitoa moto?"

"Nilitoa."

Watu: "Ha!"

"Mtoto wa jirani alikuwa na homa, anatetemeka, na jiko lao limezima. Nikatoa kijinga kimoja cha moto."

"Kijinga kimoja!" alisema Lugendo. "Paja moja! Umeona hesabu? Kesho asubuhi utachukua mkeka wako, utarudi kwenu. Hutaaga."

"Na Mhina nani atamkanda paja?"

"Atatafutiwa anayejua kukaa."

Nanyi jueni maana yake. Mwanamke aliyerudishwa kwao kwa ajili ya moto hakuolewa tena. Akipita, watu walifunika majiko yao. Mwanamvua alimpenda Mhina, na Mhina alimpenda yeye. Hakulia. Alikwenda kuukunja mkeka.

Hapo Mzee Sengondo akatoka ndani.

"Ngoja, Lugendo. Kosa ni langu. Bunduki yangu inachelewa kulia. Nilisahau kumwambia kijana. Aliishusha mapema, basi. Moto haumo."

Lugendo akamshika bega, kwa heshima.

"Mzee, una huruma, tunakujua. Lakini tia akilini. Kikohozi imekohoa miaka thelathini, haijakosa. Kwa nini? Kwa sababu Bi Kazija alikaa. Leo haikukaliwa, imekosa. Au siyo, jamani?"

"Ndiyo!" wakaitikia wanaume.

Mzee Sengondo angeweza kurudi nyumbani. Ule wimbo ndio kitu pekee cha Bi Kazija ambacho kila mtu kijijini alikuwa nacho, na kuuharibu kungechukua maneno machache. Akamtazama Mwanamvua. Mkeka ulikuwa umeshakunjwa nusu.

Akasema.

"Mwaka wa nne wa ndoa yangu nilikwenda kaskazini. Siku ya pili nikakumbuka nimesahau jiwe la bunduki. Nikarudi peke yangu. Nikakuta mlango umefungwa kwa kamba. Jikoni majivu, tena baridi. Nikasikia ngoma ng'ambo ya kijito, nikasogea. Palikuwa na harusi. Katikati ya uwanja, Kazija anacheza. Moto amewapelekea wapishi. Nywele amesuka, mistari sita. Na kijito, kama mnavyoona, amekivuka."

Watu wakasogea karibu.

"Ukafanya nini?" akauliza Lugendo.

"Nikachukua jiwe langu kapuni, nikarudi kaskazini. Mwaka ule tulipata pofu wanne na tembo mmoja. Wewe mwenyewe ulibeba mguu."

"Na hukumwuliza?"

"Nilimwuliza baadaye. Akaniambia, 'Mume wangu, tembo yuko siku saba kutoka hapa. Ananionaje nikisukwa?' Nikakosa jibu. Miaka ishirini na sita nalitafuta, sijalipata. Nikawanyamazia ninyi, kwa sababu niliupenda wimbo."

Lugendo akavimba.

"Mzee! Marehemu unamsingizia! Mwanamke aliyetulia kama jiwe la mafiga! Mistari sita! Ngomani!"

Upande wa wanawake mtu akafanya: khi! Alikuwa ajuza mmoja, meno matatu.

"Si mistari sita," akasema. "Ni minane. Mimi ndiye niliyemsuka."

Wa pili akasema, "Moto alileta kwangu. Wali ulikuwa haujaiva."

Wa tatu akasema, "Tulivuka wote. Maji yalikuwa ya magoti. Na si mwaka ule tu, ni kila mwaka. Mkishapita shamba la mwisho, tunavuka."

Lugendo akageuka pole pole, akamtazama mkewe.

"Hata wewe? Ulikwenda kucheza?"

"Mimi, mume wangu? Sikucheza hata kidogo," mkewe akajibu. "Mimi nilipiga ngoma."

Watu wakacheka. Wakacheka wanawake, wakacheka watoto, wakacheka wawindaji waliokuwa na miiba bado migongoni. Ndani Mhina akapiga kelele: "Msinichekeshe! Paja! Paja!" Mzee Sengondo naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamba za kitanda. Alikuwa ameficha siri miaka ishirini na sita, na siri yenyewe ilikuwa na mistari minane.

Lugendo akaketi juu ya kichanja kitupu. Akafuta jasho.

"Mwanamvua," akasema, "rudisha mkeka ndani."

Akaurudisha.

Lakini msidhani mambo yaliisha hapo. Kicheko kilipokwisha, watu waliviangalia vichanja. Msimu ulikuwa unapita, na mtama ulikuwa bado kijani. Lugendo akauliza, "Nani atarudi kaskazini, bila mtu wa kumkalia moto?" Wawindaji wakaangalia vidole vya miguu. Kucheka ni kucheka, na nyati ni nyati. Mmoja akanong'ona kwamba labda wake wakae mara hii moja tu, kwa uhakika. Mwingine akasema hata huyo Mwanamvua afadhali aende kwao kwa muda, mpaka paja lipone. Mwanamvua akasikia. Kila mtu akaenda nyumbani na wazo lake.

Chukueni funzo sasa, mikono ikiwa bado mitupu. Mtu akianguka, usikimbilie kumtafuta wa kumbebesha. Tafuta kwanza neno ambalo wewe mwenyewe hukulisema. Na ukilipata, liseme mbele ya watu, hata kama litakuharibia wimbo.

Na asubuhi je?

Eee, asubuhi. Jua lilipochomoza, Mzee Sengondo alichota maji kwenye mtungi, akayamwaga jikoni. Chwaaa! Moto wa nyumba ile ukazimika. Akafunga mlango kwa kamba. Akatia Kikohozi begani. Akapita katikati ya kijiji, taratibu, ili kila mtu amwone.

Nje ya nyumba ya Mhina alimkuta Mwanamvua ameketi juani, miguu ameinyoosha. Yule ajuza alikuwa nyuma yake, anamsuka, mbele ya macho ya watu wote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Unakwenda wapi na Kikohozi?"

"Kaskazini."

"Nani anakukalia moto?"

"Hakuna. Nimeuzima."

Ajuza akaacha kusuka. "Huogopi, Sengondo?"

"Namwogopa nyati. Ndiyo maana nimechukua baruti." Akainama, akachungulia mlangoni. "Mhina! Ikikohoa?"

"Nahesabu tatu, babu!"

"Naam."

Akamwambia ajuza aendelee kusuka. Kisha akashika njia ya kaskazini, akavuka kijito, akapita shamba la mwisho, wala hakugeuka kuona nani anamfuata.

Hadithi yangu imefika kwao. Nanyi nendeni kwenu.