Boriti ya Mto Lukwale

Asiyekazwa mapema hupasuliwa na mzigo. Mmeisikia leo, mnauliza imetoka wapi. Methali hii, wajukuu, ilizaliwa Mto Lukwale, kinywani mwa fundi Anyosisye.

Anyosisye alikuwa msimamizi wa mafundi. Daraja lake la kwanza mtoni hapo lilipasuka upande wa chini, likaanguka na watu, shemeji yake akapoteza mguu. Tangu siku ile hakutulia. Kila zege lilipokauka alilizunguka, akilipapasa tumboni, yaani upande wa chini, akitafuta ufa.

Daraja lilipojengwa upya, injinia alikuwa Tusekile, msichana wa umri wa bintiye. Alipitisha kamba za chuma ndani ya boriti ya zege ya daraja, karibu na tumbo la boriti hiyo. Zege lilipokomaa, akaamuru zivutwe kwa jeki, zifungwe kwa nguvu kila ncha. Boriti, bila mzigo wowote, ikabenuka juu unene wa kidole.

Anyosisye akaruka. "Legeza! Unaitesa kabla haijabeba kitu!"

"Nikilegeza ndipo nitaiua, Baba."

Tusekile akaomba vibiriti vitano, akavipanga safu moja, akavibana ncha zote mbili kwa viganja na kuviinua. "Weka jiwe juu." Jiwe likakaa. Alipoacha kubana, vyote vikamwagika.

"Zege huvumilia kubanwa, Baba, ila kuvutwa haliwezi. Mzigo ukija juu, huvuta tumbo. Kamba zimelibana tayari kama viganja vyangu, hivyo mzigo utaanza kwa kulegeza tulichokaza. Na uzito wa lori hautoshi kukimaliza chote."

Kichwa kilikubali, moyo ukagoma. Siku ya majaribio, lori la mawe likinguruma ukingoni, Anyosisye aliingia mtoni, akasimama chini ya boriti.

"Toka huko, Baba!"

"Kama kuna ufa, niuone mimi kwanza."

Tusekile akamtazama. Kisha akavua viatu, akashuka majini, akasimama kando yake. Akampungia dereva mkono.

Lori likapanda. Boriti ikashuka polepole, ikanyooka, ikakaa hapo. Anyosisye alipitisha kiganja tumboni mwa boriti, toka ncha hadi ncha. Hapakuwa na ufa hata wa unywele.

Dereva akachungulia kutoka juu. "Fundi, vipi huko? Mbona ile ya zamani ilipasuka?"

Anyosisye akamshika Tusekile mkono, machozi yakimtoka mbele ya mafundi wake, akajibu kwa sauti:

"Asiyekazwa mapema hupasuliwa na mzigo."