Muhuri wa Komamanga wa Bi Rayhana

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasit aliishi mjane mchamungu, Bi Rayhana, mpika sabuni. Kila kipande alikigonga muhuri wa komamanga alioachiwa na marehemu mumewe, na watu wakiuona walijua kuwa hiyo ni sabuni ya mafuta matupu ya zeituni. Muhuri huo ndio uliowalisha mayatima wake.

Ikatokea mfanyabiashara mmoja, Sabiq, akachonga muhuri kama ule, akaugonga kwenye sabuni ya shahamu, mafuta rahisi ya wanyama. Wateja wakaanza kumlaumu mjane, na wengine wakamhama kabisa. Akaenda kushtaki kwa Kadhi.

"Komamanga ni tunda la Mwenyezi Mungu," alijitetea Sabiq. "Tangu lini likawa la mtu mmoja?"

Kadhi akamgeukia mjane. "Mama, muhuri huu umewahi kugongwa kwenye sabuni isiyo ya zeituni? Kama umewahi, hautambulishi kitu, nami sitaweza kumzuia huyu."

Hapa, ndugu zangu, ndipo ndimi za wengi wetu zingeteleza. Neno moja, hapana, lingetosha. Bi Rayhana aliinamisha kichwa, akawakumbuka wanawe, lakini akamwogopa Mola wake zaidi.

"Mara moja, ewe Kadhi. Mwaka aliofariki mume wangu, shemeji yangu aliniomba nimwazime muhuri. Nikaona haya kumkatalia. Akaugonga kwenye sabuni ya shahamu, akaiuza."

Sabiq akatabasamu. "Amekiri mwenyewe."

"Ulipojua ukafanyaje?" akauliza Kadhi.

"Nilimtuma mnadi sokoni siku saba, awaambie watu wanirudishie sabuni hizo, niwape nyingine. Zilizorudi nilizikwangua muhuri, nikawa nazifulia mwenyewe nyumbani mpaka zikaisha. Tangu hapo muhuri haujatoka mkononi mwangu."

Akaitwa yule mnadi, mzee aliyekwisha kupofuka. "Nilinadi kweli," akasema. "Nilimwambia, bibi, unajiharibia jina. Akanijibu, we nadi tu."

Kadhi akamwambia Sabiq, "Kosa lile alilitangaza na kulifuta, kwa hiyo muhuri wake bado unatambulisha zeituni. Mwenye muhuri ni yule anayeulinda hata kwa kujifedhehesha. Lete wako uvunjwe."

Allah amrehemu bibi yule. Nasi leo twapigania majina yetu yasiibiwe, na ni haki yetu. Lakini kabla hatujamshika mwizi, tujiulize sisi wenyewe tumeyagonga juu ya nini.