Redio Iliyomrudisha Siwema

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi ambayo baadhi yenu mliiona kwa macho, aliishi Tabora mjane mmoja aitwaye Bi Kalunde. Mumewe, marehemu Kapaya, alikuwa karani wa reli. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Siwema, muuguzi, aliyekwenda kufanya kazi katika nchi ya mbali yenye baridi.

Kapaya alipofariki, Siwema hakuja kuzika. Alipiga simu akasema hati zake za ukaazi hazijakamilika, na kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi. Bi Kalunde alimsikiliza mpaka mwisho, akakata simu, akaapa mbele ya waombolezaji: "Wallahi, simu ya Siwema sitaiweka tena sikioni mwangu."

Na Bi Kalunde akisema, amesema. Mwaka ukapita, ikapita miwili, ikatimia sita. Simu ililia, hakupokea. Waliokuja kusuluhisha aliwaonyesha mlango. Majirani wakaacha hata kumwita Mama Siwema.

Wiki ileile ya msiba alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu akampa redio ya mumewe, ile kubwa ya sanduku la mbao. Kapaya na Siwema walikuwa wakiisikiliza pamoja kila jioni, naye hakutaka kuiona tena.

Mzee Mihayo, rafiki wa Kapaya tangu ujana wao relini, alikutana na mkokoteni wa yule mnunuzi barabarani.

"Hiyo redio ishushe."

"Nitaishushaje, mzee? Humo ndani mna chuma cha kupima kwenye mizani."

Mihayo akarudi kwake, akatoa kitanda chake cha chuma, kitanda pekee alichokuwa nacho, wakabadilishana. Tangu siku hiyo akawa analala mkekani, mgongo ukimuuma, na redio akaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Hakumwambia mtu.

Sasa tuje kwa Nyamizi, msusi mwenye saluni jirani na Bi Kalunde. Jumamosi moja alikuwa anasuka, simu yake ikimwimbia stesheni ya intaneti ya Waswahili walio ughaibuni. Saa kumi jioni kikaanza kipindi cha salamu, na mtangazaji alikuwa na sauti anayoijua. Siwema! Kumbe muuguzi yule alikuwa akijitolea kutangaza siku zake za mapumziko. Mwisho wa kipindi sauti ile ikasema: "Salamu za mwisho, kama kila wiki, ni za mama yangu aliyeko Tabora, asiyepokea simu yangu. Mama, mimi mzima."

Nyamizi akamwacha mteja na kichwa nusu, akavuka ua.

"Shikamoo, Mama Siwema."

Bi Kalunde akainua mkongojo. "Umeniitaje?"

"Nimekuita jina lako. Ukitaka kunipiga utanipiga, ila nikishamaliza kusema."

Akamweleza yote. Mkongojo ukashuka taratibu.

"Anasema ni mzima?"

"Kwa kinywa chake. Jumamosi ijayo nitakuletea simu umsikie."

"Simu niliiapia." Bi Kalunde akauegemeza mkongojo ukutani. "Redio sikuiapia." Kisha akakumbuka, na machozi ambayo hakuyatoa hata siku ya maziko yakamtoka. "Na redio niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe."

Habari zilimfikia Mihayo kabla jua halijazama. Akaja ameibeba begani. "Shemeji, hii hapa."

Redio ilikuwepo, lakini ilikuwa maiti. Mafundi wawili waliitazama wakacheka. Wa tatu, Nkwabi, hakucheka. Aliifungua kifuniko cha nyuma, akapuliza vumbi.

"Bibi, hata ingekuwa mpya isingemnasa mwanao. Stesheni yake haipiti hewani kama zile za zamani, inapita kwenye intaneti. Nitalazimika kuitoa matumbo yote. Unaniruhusu?"

Bi Kalunde alipapasa ubao ambao mumewe alizoea kuupangusa kwa kanzu yake kuukuu. "Toa."

Nkwabi alikaa nayo siku kumi na tisa. Alitoa taa za kioo za ndani zilizoungua, akaweka kompyuta ndogo isiyozidi kiganja na amplifaya. Kompyuta ya kwanza iliungua, ya pili ikaungua, ya tatu akaichomoa kwenye mashine aliyokuwa akijitengenezea mwenyewe. Spika ilikuwa imeliwa na mende, akaiziba kwa kitambaa chembamba na gundi. Vile vitufe viwili vya kuzungusha akaviacha palepale, kimoja cha sauti, kimoja cha stesheni, ili vidole vya Bi Kalunde vifanye vilivyozoea kufanya. Intaneti ikatoka kwenye simu ya Nyamizi. Alipoulizwa malipo alikataa. "Nilitaka kujua kama ninaiweza. Nimejua."

Jumamosi iliyofuata, saa kumi kasoro dakika chache, walikaa wote sebuleni. Bi Kalunde akazungusha kitufe mwenyewe. Redio ikakoroma, ikatulia, halafu sauti ya Siwema ikajaa chumbani, nzito na ya karibu kuliko simu yoyote. Mama akasikiliza kipindi kizima bila kusogea. Zilipofika salamu za mwisho, aliweka kiganja juu ya sanduku.

"Nyamizi, nipe hiyo simu."

"Na kiapo je, mama?"

"Niliapa mwenyewe, nitafunga siku tatu za kafara mwenyewe. Piga!"

Mwaka haukuisha, Siwema akarudi, akapata kazi katika zahanati ya mjini. Ndipo Bi Kalunde akawaita wale watatu.

"Siwema ninaye jikoni, ananisemesha mpaka nachoka. Redio hii ni ya aliyenirudishia mwanangu. Semeni."

Mihayo akasema, "Ni mimi, shemeji. Nimelala chini miaka sita kwa ajili yake. Bila sanduku, wangetengeneza nini?"

Nkwabi akasema, "Ni mimi. Mzee alihifadhi maiti, kwa mapenzi ya rafiki yake, wala hakumfikiria Siwema. Aliyeipa sauti ni nani? Wenzangu walicheka."

Nyamizi akasema, "Ni mimi. Mzee hakujua, na fundi alikuwa anajipima uwezo wake. Mimi nilisimama mbele ya mkongojo nikalitaja jina ambalo mtaa mzima ulikuwa unaliogopa. Nisingelitaja, nani angeikumbuka redio?"

Mihayo akajibu, "Wewe ulibeba maneno tu. Mimi nilitoa kitanda."

"Maneno hayo wewe uliyaogopa miaka sita," Nyamizi akamrudishia.

Bi Kalunde aliwatazama mmoja mmoja, akamtazama Siwema aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi. Siwema akatikisa kichwa: hata yeye hakujua.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mmoja alitoa kitanda, mmoja alitoa ujuzi, mmoja alitoa ujasiri, na redio ni moja, haigawanyiki. Mngekuwa kwenye kiti cha Bi Kalunde, mngemkabidhi nani? Je, nani alistahili?