Giaboksi ya Shekalaghe

"Usishushe giaboksi hujapima mafuta." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo mjomba wenu, aliyetaka kumwachisha shule mwanawe kwa kufeli mtihani mmoja, nanyi mkaja kuniuliza gari na shule wapi na wapi. Chanzo cha msemo huo nakijua, maana mambo yenyewe yalitokea hapa hapa Mombo.

Palikuwa na mtu akiitwa Shekalaghe, mwenye gari dogo la otomatiki, kuukuu lakini zima. Mwenyewe hakujua kuendesha. Dereva wake alikuwa Kaoneka, rafiki yake tangu jandoni, aliyepandisha abiria milima ya Lushoto kwa miaka mingi. Watoto wa Shekalaghe walimwita baba mdogo.

Mwaka mmoja gari likaanza kusumbua. Kaoneka akitia gia, injini inanguruma na gari halitoki. Likitoka, mlimani gia zinateleza na harufu ya kuungua inaingia ndani. Siku moja likakwama kwenye kona, abiria wakateremka wakitukana. Habari zilipomfikia Shekalaghe, alipandwa na hasira.

"Umeniulia gari," alimwambia Kaoneka mbele za watu.

"Ndugu yangu, tulipeleke kwanza kwa fundi alipime. Hata mafuta ya giaboksi hatujayatazama."

"Nitazame nini? Giaboksi imekufa, na aliyeiua ni wewe. Lete ufunguo!"

Kaoneka akauweka ufunguo juu ya boneti, akaenda zake. Juma lile lile alihamia Handeni na mkewe.

Shekalaghe akaamuru giaboksi ishushwe, akanunua nyingine. Vijana wa gereji walipotaka kuikagua ile ya zamani aliwakataza, akaiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Akaajiri dereva mpya. Gari likaenda vizuri kwa kitambo, kisha, mlimani kule kule, gia zikaanza kuteleza.

Ndipo alipokubali lipimwe. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na vidole vyekundu kwa mafuta.

"Mpira unaopeleka mafuta ya giaboksi kwenye rejeta umepasuka," alisema. "Unavuja kidogo kidogo, hasa gari likipanda. Giaboksi hii imeungua kwa kukosa mafuta. Ile ya kwanza ilikuwaje?"

"Hatukuipima."

"Basi huenda ilikuwa bado nzima, mzee. Ungezibwa mpira, ikaongezwa mafuta, labda ingetembea mpaka leo."

Shekalaghe alimlipa fundi, akaondoka. Hakuwa akiiwaza giaboksi. Kesho yake alifunga safari kwenda Handeni. Kaoneka alimkaribisha, akamtilia chai, akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Nimekusamehe, ndugu yangu," alisema. "Lakini sirudi. Kunyang'anywa ufunguo hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba ulinijua tangu utotoni, na hukuniuliza hata swali moja."

Akamsindikiza hadi kituoni, wakaagana kwa heshima, kama wageni.

Shekalaghe aliliuza gari lile jinsi lilivyo, asinunue jingine. Akawa mtu wa maneno machache. Lakini kila alipojiwa na mtu mwenye hasira, anayetaka kumwacha mke au kumfukuza mfanyakazi, alimshika mkono na kumwambia taratibu: "Usishushe giaboksi hujapima mafuta."