Turbo ya Kifaru

Hapo zamani za kale, wala si kale sana maana wanyama walishakuwa na simu, Digidigi aliazima turbo ya Kifaru. Mnaijua turbo? Ni kile chuma kinachoisukumia injini hewa, gari likaenda viiiu! Kifaru alikuwa bingwa wa mbio za magari.

"Nitaifuata Ijumaa," alisema Kifaru. "Nisipoikuta, nitakaa juu ya nyumba yako."

"Nyumba yangu ni ya udongo, mzee."

"Najua."

Alhamisi asubuhi, turbo haipo barazani alikoiweka. Digidigi akatafuta uvunguni, akatafuta jikoni, hata ndani ya chungu. Mkewe akaanza kuwavisha watoto viatu.

"Unawapeleka wapi?"

"Kwa mama. Kesho hatuna paa."

Digidigi akaingia mtandaoni, kwenye kundi la wapenda magari ya mbio, wanakouziana vipuri vilivyotumika. Kiboko ameweka picha: "Nauza turbo. Imetumika kidogo. Ilikuwa ya mjomba." Ni ile ile, ila imepakwa rangi nyeusi, bado mbichi.

Sasa afanye nini? Ushahidi hana, na mdomo wa Kiboko ungemkata vipande viwili. Bahati yake, kundini hakujiita Digidigi. Alijiita Mzee wa Mwendo. Akaandika:

"Nzuri, kaka. Lakini ya mjomba sina haja nayo. Natafuta iliyofungwa kwenye gari la bingwa. Hiyo nalipa mara tatu."

Ngiri akadakia, "Ya mjomba kachemshie chai."

Kundi zima likacheka. Kiboko akaona aibu, na ile mara tatu ikamwasha. Kifaru hanunui vilivyotumika, akawaza, hayumo humu.

"Basi niseme kweli," akaandika. "Hii ni ya gari la Kifaru mwenyewe."

"Kila muuzaji husema hivyo, kaka."

"Husadiki? Ngoja."

Kwaru, kwaru, kwaru! Kiboko akaikwangua rangi yake mwenyewe kwa kisu, akapiga picha. Hapo ubavuni pakaonekana pembe mbili, alama ambayo Kifaru huichonga kwenye kila chuma chake.

Digidigi akaichukua picha ile, na maneno ya Kiboko, akamtumia Kifaru. "Shikamoo mzee. Turbo yako iliibwa kwangu. Iko kwa Kiboko, anaiuza."

Kifaru alisoma.

Punde ardhi ikaanza kutikisika. Tii! Tii! Tii! Vumbi likadondoka kutoka darini. Digidigi akawakumbatia watoto na mkewe, akafumba macho, kwani Kifaru akikasirika haijulikani ataanzia kwa nani.

Kishindo kikafika mlangoni. Kikapita. Kikaelekea mtoni kwa Kiboko.

Basi wanangu, mwizi msimkabe koo. Idharauni tu mali aliyoiba, atawatajia mwenyewe mwenye nayo.