Fisi Aliyepiga Gi

Paukwa!
Pakawa!
Waya?
Wa gitaa!
Gitaa?
La harusini!
Na harusini kuna nini?
Kuna pilau!

Haya, pilau bado haijaiva, basi tuanze na hadithi. Wewe mwenye mafua, sogea hapa kwangu. Na wewe, acha kumvuta mwenzio sikio.

Hapo kale, Tembo alikuwa anamwoza binti yake. Akatangaza kwa mdomo wake mwenyewe: "Mpiga gitaa atakayewachezesha wageni wangu, nitampa kile kibanda cha bati kilicho nyuma ya jiko. Akae humo masika yote, na masika mengine yote."

Wakajitokeza wawili. Wa kwanza alikuwa Fisi, mwenye taya kama mlango wa ghala. Wa pili alikuwa Mama Nguchiro, mwembamba kama mwiko. Fisi alikitaka kibanda kwa sababu mifupa ya jikoni hutupwa pale pale mlangoni. Mama Nguchiro alikitaka kwa sababu shimo lake hujaa maji kila masika, na wanawe walikuwa wanakohoa usingizini, kho-kho-kho.

Magitaa walikuwa nayo. Ampu hawakuwa nayo, yaani lile sanduku la kukuza sauti. Na gitaa la umeme bila ampu hulia kama mbu ndani ya chupa: nziii. Tembo akawatuma kwa Fundi Nungunungu, kila mmoja achukue ampu moja.

Fundi Nungunungu alipoona watoto wamelala mgongoni mwa mama yao, alizima redio yake taratibu, ingawa mpira ulikuwa haujaisha.

"Nina ampu mbili," akanong'ona. "Hii ni ya taa. Humu ndani mna taa za kioo. Ukiiwasha, ngoja ipate moto. Sauti yake nene, tamu kama asali. Lakini ni nzito, na vioo havitaki fujo. Hii ndogo ni ya transista, haina taa hata moja. Ukibonyeza tu, inaitika. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo. Sauti yake nyembamba kidogo, lakini haimwangushi mtu."

"Kungoja? Mimi?" Fisi akacheka. "Na kubeba mzigo juu yake? Lete hiyo nyepesi!" Akaikumbatia.

Moyo wa Mama Nguchiro ukashuka mpaka kwenye kucha. Kwa Tembo ni juu kilimani. Watoto mgongoni, gitaa begani, na lile dude zito angelibeba na nini? Mkia?

Akavuta pumzi, akatabasamu. "Ahsante sana, Kaka Fisi. Kumbe una huruma! Umeniachia ya taa."

Fisi akasimamisha sikio moja. "Una maana gani, we kijiti?"

"Sina maana yoyote, kaka. Nenda zako salama."

"Sema!"

"Kaka jamani, mpiga muziki mzima kama wewe hujui? Hebu niambie, unapiga nini?"

"Gitaa."

"Tamka polepole."

"Gi... taa."

"Ukitoa taa?"

Fisi akachezesha midomo, akakunja uso, akajikuna. "Inabaki... gi."

"Sasa wewe kweli, mbele ya wakwe wa Tembo, ukapige gi?"

Fundi Nungunungu akapatwa na kikohozi cha ghafla. Mwiba mmoja ukamdondoka.

"Lete taa zangu!" Fisi akabweka. Akaitupa ile ndogo, Mama Nguchiro akaidaka. "Wewe kapige gi na watoto wako!"

"Lakini kaka," fundi akasema, "ngoja ipate moto."

Nani amsikilize? Fisi alishafika mlangoni.

Wakapanda kilima. Mama Nguchiro akaenda tepe, tepe, tepe. Fisi akabeba, hee! Akatua, puu! Akabeba, hee! Akatua, puu! Mama Nguchiro, tepe, tepe, tepe.

Harusini, Fisi akasema aanze yeye, maana ndiye mkubwa. Akachomeka waya kwenye umeme wa jenereta. Akapiga gitaa. Kimya.

"Bado?" wageni wakauliza.

"Ngoja ipate moto!" akaita Fundi Nungunungu, aliyekuwa amealikwa naye.

Fisi akaipiga ampu kofi. Kimya. Akaipiga teke. Kimya.

"Ngoja ipate moto, ndugu yangu!"

Mara taa zikaanza kuwaka, nyekundu, taratibu. Fisi akagusa uzi mmoja. Ndiiiiing! Wanangu, sauti ilikuwa nzuri. Nene, tamu. Bibi harusi akafumba macho. Bibi Kiboko akaanza kutikisa nyonga akiwa bado ameketi. Na Mama Nguchiro, kule kando, akawakumbatia wanawe akajisemea, "Leo nimejimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Lakini Fisi akainama kutazama zile taa. Nyekundu. Moto. Na mkononi alikuwa na ubavu wa nyama alioubeba kutoka jikoni, umeshapoa.

"Kumbe ina na jiko!" akasema.

Akauweka ubavu juu ya taa.

Mafuta yakadondoka. To! Chwaaa! Kioo pasu!

Moshi puu. Fisi akapiga uzi kwa nguvu zake zote, na gitaa likasema:

"Gi."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. "Gi! Gi! Piga tena, kaka!"

Mama Nguchiro akamkabidhi Swala kitindamimba wake aliyekuwa analia. Swala akampokea bila kuulizwa, akamfunika kwa khanga. Kitufe, tik! Ampu ikaitika papo hapo. Ndiri-ndiri-ndiri! Sauti nyembamba, kweli, lakini ipo. Wakacheza. Bibi Kiboko akakata kiuno mpaka kiti kikaomba msamaha. Tembo mwenyewe akatoa ufunguo wa kibanda.

Fisi akajikalia nyuma ya jiko, amenuna. Mama Nguchiro akampelekea sahani ya mifupa, akaifunika nzi wasitue.

"Chukua na takataka lako la taa," Fisi akasema, mdomo umejaa. "Limeniunguzia nyama."

Akalichukua. Fundi akatia kioo kipya, wala hakudai shukrani. Masika yakaja, mvua ikapiga bati, na watoto wa Nguchiro wakalala kando ya ile ampu ya taa, joto linawapuliza tumboni. Wakiuliza, "Mama, mbona bado baridi?" mama yao huwaambia, "Ngoja ipate moto." Kikohozi kikakoma.

Na Fisi? Mpaka leo mkimsikia porini anacheka gi-gi-gi-gi, msidhani amefurahi. Bado anatafuta taa.

Hadithi yangu nimeizima, waya nimeuchomoa, aliyesikia sauti akamwambie aliyesinzia.

Fundisho lake, wanangu: msiwadanganye wakubwa. Mama Nguchiro hakudanganya hata kidogo. Mnabisha? Haya, tamkeni gitaa polepole, halafu toeni taa.

Pilau imeiva. Kanaweni mikono.